Goti bandia, orofa ya tatu, lifti hakuna: wiki za kwanza nyumbani tuzipange vipi?

BintiWaUmoja

Hamjambo wanajukwaa. Mamangu, miaka 68, amebadilishwa goti la kulia na anaruhusiwa kutoka wadi kesho kutwa. Tunaishi Umoja, Nairobi, orofa ya tatu, lifti hakuna, na ngazi zina reli upande mmoja tu. Choo ni cha kuchuchumaa. Ana presha, anameza losartani iliyochanganywa na dawa ya kukojoza, sukari hana. Amepewa woka (fremu ya kutembelea), magongo mawili, mfuko wa dawa na karatasi yenye picha za mazoezi. Kliniki ya kutoa pini zilizofunga jeraha ni wiki mbili baada ya upasuaji.

Naomba kujua nyumba niitayarishe vipi, mazoezi ni kiasi gani kwa siku maana karatasi haisemi, na uvimbe wa kawaida nitautofautishaje na ule wa kukimbilia hospitali. Halafu kuna shangazi, ambaye ameshafunga mzigo aje kumkanda mama kwa maji moto na mafuta. Nimwambieje?

Fizio_Ngara

Poleni na hongereni kwa pamoja. Naanza na shangazi kwa sababu ndiye atakayefika kwanza. Goti lililotoka kufanyiwa upasuaji limejaa damu na maji tayari; joto hupanua mishipa na kulivimbisha zaidi, na kitambaa kibichi juu ya jeraha lenye pini ni mlango wa vijidudu. Kukanda shavu la mguu ndiko kubaya kuliko yote. Kama damu imeganda humo ndani, mkono unaweza kuling'oa bonge likasafiri hadi mapafuni. Mwambie kwamba daktari amekataza, kisha mpe kazi ya barafu ili asijione amefukuzwa: dakika 15 hadi 20, mara nne hadi sita kwa siku, taulo jembamba likiwa katikati. Pakiti ya njegere zilizogandishwa ni nzuri kuliko vipande vya barafu kwa kuwa inafuata umbo la goti. Ngozi ya kando ya kovu, hasa upande wa nje, huwa na ganzi kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa kupasua, kwa hiyo mgonjwa huenda asisikie baridi ikimuunguza. Shangazi aangalie saa, asingoje mama aseme inauma.

Sasa goti lenyewe. Kila mtu huhangaikia kukunja. Mimi wiki mbili za kwanza ninachokiogopa ni goti lisilonyooka. Mto chini ya goti una raha kweli, na mgeni yeyote mwenye huruma atauweka hapo. Uondoeni. Goti likizoea kukaa limepinda digrii 10 au 15, tishu za nyuma yake hujikaza katika hali hiyo, na mama atachechemea kwa miezi, paja likichoka upesi na mgongo ukianza kulalamika. Mto uwe chini ya kisigino na shavu la mguu, mguu uinuke juu ya usawa wa moyo, nyuma ya goti kubaki wazi.

Kipimo hakihitaji mashine. Alale chali kitandani, mguu umenyooka, wewe upitishe kiganja chini ya goti. Kikipita bila kugusa kitu, bado. Anapokaza paja, goti linapaswa kukibana kiganja chako kwenye godoro. Kwa kukunja, akae kwenye kiti kigumu, unyayo wote sakafuni, mtazame kutoka ubavuni: ugoko ukisimama wima ni digrii 90, kisigino kikirudi nyuma ya usawa wa goti amevuka 90. Tunatafuta goti lililonyooka kabisa au karibu kabisa, na mkunjo wa takriban 90, kufikia wiki ya pili au ya tatu. Kushuka ngazi kwa kupishanisha miguu kunataka 90 hadi 100, na kuinuka kwenye sofa ya chini kunataka zaidi ya hapo.

Kiasi: kifundo cha mguu apige juu na chini mara 20 kila saa akiwa macho, hiyo ni ya kuzuia damu kuganda na haina mjadala. Kukaza paja, anakandamiza goti chini na kuhesabu hadi tano, mara 10, vipindi vitatu kwa siku. Kisigino juu ya taulo lililokunjwa mviringo, goti likining'inia hewani, aanze na dakika tano, aongeze hadi 10 au 15, mara tatu au nne kwa siku; hili ndilo litakalomuudhi na ndilo lisilorukwa. Kuburuta kisigino kuelekea makalio, mara 10 kila kipindi. Mvalishe soksi na uweke trei laini chini ya mguu ili uteleze. Akiwa kitini, mguu wa kushoto uusukume wa kulia nyuma taratibu, ashikilie sekunde 10, aachie. Kuinua mguu wa kulia wote ukiwa umenyooka kungoje hadi aweze kuuinua bila goti kulegea na kupinda. Likilegea, arudi kwenye kukaza paja.

Mazoezi yaanze dakika 30 hadi 45 baada ya dawa ya maumivu. Kuvutwa sana kwa ndani ni kawaida. Maumivu yakiwa bado makali saa mbili baadaye, au goti likiamka kesho yake limevimba kuliko jana, mlizidisha. Siku hiyo punguzeni matembezi yawe nusu, lakini msiache kunyoosha.

SistaWaMifupa

Fizio amesema ya goti, mimi niseme ya jeraha na uvimbe.

Mguu utavimba hadi kifundoni na utatoka mavilio ya zambarau au kijani hadi kwenye ugoko na nyuma ya paja. Ni damu inayoshuka kwa uzito wake, siyo jeraha jipya. Goti kuwa na joto kuliko lile lingine ni kawaida kwa miezi kadhaa, na mlio wa "tak" anapotembea ni chuma na plastiki vikikutana. Uvimbe wa kawaida hupungua mguu ukiinuliwa usiku kucha, hurudi jioni.

Ule wa kukimbia nao ni huu: shavu la mguu limekuwa gumu, lina joto, linauma ukilibonyeza, na uvimbe haupungui hata baada ya kulala na mguu juu. Huo ni wa siku hiyohiyo, nendeni mkapigwe picha ya altrasaundi ya mishipa. Akishikwa na upungufu wa pumzi wa ghafla, kifua kuuma anapovuta hewa, kukohoa damu au kuzirai, msingoje kliniki wala kupiga simu kuuliza ushauri. Gari, idara ya dharura, sasa hivi. Tafuteni leo namba ya ambulensi inayofika mtaa wenu na muiweke kwenye simu za wote nyumbani, maana saa nane usiku si wakati wa kutafuta.

Jeraha: bendeji ya wadi iachwe hadi siku mliyoambiwa. Ikilowa damu kabisa au ikibanduka, ibadilishwe kwa mikono iliyooshwa na shashi safi, basi. Msiweke spiriti, poda, asali, wala unga wa kapsuli ya antibayotiki. Matone machache ya majimaji mekundu siku za mwanzo si kitu. Bendeji inayoendelea kulowa baada ya siku tano au sita, usaha, harufu, homa ya zaidi ya 38, au maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakageuka kupanda: piga simu wadi aliyopasuliwa. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu waziwazi, kwa hiyo tumieni mgongo wa mkono. Tafuteni joto linalosambaa, ngozi inayong'aa na kukaza, au rangi inayozidi kuwa nyeusi kuzunguka pini.

Na hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu: jeraha likitia shaka, usikubali kemisti au kliniki ya mtaani impe antibayotiki kabla daktari aliyempasua hajaliona. Vidonge hivyo hupoza dalili za juu huku vijidudu vikijificha kwenye chuma, na daktari akija kufyonza maji ya goti kupima, maabara haioti kitu. Maambukizi yanayokamatwa mapema mara nyingi goti huoshwa na kubadilishwa kipande cha plastiki tu. Yakichelewa, goti zima linatolewa.

Kuoga ni kwa beseni na kitambaa hadi pini zitoke na jeraha likauke, isipokuwa bendeji iwe ya kuzuia maji. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku 2017, lakini plastiki nyembamba ya kufunika chakula inafaa: zungusha kuanzia katikati ya paja hadi katikati ya ugoko, bandika plasta ya karatasi juu na chini.

Mfamasia254

Soma kila pakiti mliyopewa kabla hamjaondoka, kwa sababu makosa mengi yako hapo.

Parasetamoli ndiyo msingi: gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita kwa kufuata saa, siyo akisikia maumivu. Visizidi vinane kwa saa 24, na mama akiwa chini ya kilo 50 muulizeni daktari apunguze. Angalieni dawa mchanganyiko zenye kodeini, nyingi zina parasetamoli ndani. Mkizichanganya na ile ya kawaida mnaongeza dozi maradufu bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Tramadoli ni ya maumivu makali, na kazi yake nzuri ni kumwezesha kufanya mazoezi na kulala. Inaleta kizunguzungu, kichefuchefu na choo kigumu. Akiimeza usiku, asiende msalani peke yake.

Sasa sikiliza vizuri habari ya presha. Losartani, dawa ya kukojoza, na diklofenaki au ibuprofeni (dawa za maumivu) juu yake: tatu hizo kwa pamoja huinyima figo damu, hasa kwa mtu wa umri wake aliyetoka kupoteza damu na asiyekunywa maji ya kutosha. Diklofenaki inauzwa kila kona na jirani atakuletea kwa nia njema. Asimeze isipokuwa daktari aliyempasua, akijua anameza losartani, ndiye aliyeiandika. Pimeni presha asubuhi kabla ya vidonge. Baada ya upasuaji huweza kushuka, na akiona giza anaposimama au namba ya juu ikiwa chini ya 100, mpigie daktari kabla ya kumpa dozi ya siku hiyo.

Dawa ya kuzuia damu kuganda lazima iwemo kwenye mfuko huo. Usipoiona, uliza. Inaweza kuwa rivaroksabani miligramu 10 mara moja kwa siku, kwa kawaida wiki mbili kwa goti, au sindano ya enoksaparini, au aspirini kwa baadhi ya wagonjwa. Ni ile aliyoandikiwa pekee; msiongeze aspirini ya dukani juu ya rivaroksabani. Akisahau kidonge, ameze akikumbuka siku hiyohiyo. Ikishafika kesho anameza kimoja tu, hafidii. Kama ni sindano: tumboni, angalau sentimita tano kutoka kitovuni, badilisha upande kila siku, bana mkunjo wa ngozi hadi umalize. Kile kipovu cha hewa kwenye sindano iliyojazwa kiwandani usikitoe, na usisugue baadaye. Tangawizi na kitunguu saumu kwenye chakula havina neno. Zile chupa za mitishamba ya kusafisha damu ziwekwe kando hadi dawa hii iishe. Na watu wataanza kumkataza sukuma wiki. Hiyo ni habari ya warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, haihusu rivaroksabani wala enoksaparini, mwacheni ale.

Choo kigumu kitakuja siku ya tatu au ya nne. Maji, papai, ugali wa wimbi, na laktulosi (dawa ya kulainisha choo) mililita 15 mara mbili kwa siku kuanzia leo, bila kungoja afunge.

NyumbaSalama

Kwa choo cha kuchuchumaa msijaribu ubunifu wowote. Goti lake halitakunja hivyo sasa, na kwa goti bandia huenda asichuchumae kabisa siku za usoni. Nunueni au kodisheni kile kiti cha choo cha chuma chenye mikono, kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Toa ndoo yake na ukiweke juu ya tundu, miguu miwili kila upande wa sehemu za kukanyagia. Kagua mambo mawili: raba za miguuni ziwe nzima, na miguu yote minne ikae sawa, kwani sakafu za vyoo vyetu zina mteremko wa maji. Miguu hiyo huwa na vitundu na vidude vya kubofya, kwa hiyo unaweza kurefusha ya upande wa chini kwa tundu moja. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kinapasuka kwenye ile kona ya tundu mtu anapoegemea upande mmoja ili ajisafishe. Usiku kihamishieni chumbani na ndoo yake.

Kukaa: kiti kigumu chenye mikono, urefu wa sentimita 45 hadi 50. Sofa asikalie kwa sasa. Arudi nyuma hadi miguu iguse kiti, asogeze mguu wa kulia mbele, mikono iache woka na kushika mikono ya kiti, ndipo ashuke. Kuinuka ni vivyo hivyo kinyume. Anayejivuta kwa kushika woka huipindua ikamjia. Urefu wa woka: mikono ikining'inia, kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Woka mbele, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na kisigino ndicho kitangulie kugusa chini. Akitembea kwa vidole goti limepinda, mrudishe polepole aanze tena. Kunjeni mikeka yote na nyaya za televisheni.

Ngazi. Woka haipandi ngazi. Mkono mmoja kwenye reli, gongo moja mkono wa pili, na gongo la pili abebe msaidizi. Kupanda, mguu wa kushoto, ulio mzima, utangulie, kisha wa kulia na gongo vifuate. Kushuka, gongo na mguu wa kulia vitangulie. Kidato kimoja, miguu miwili, pumzi. Msaidizi awe daima upande wa chini: nyuma yake akipanda, mbele yake akishuka, mkono ukiwa umeshika mshipi mpana uliofungwa kiunoni mwa mama, siyo kwapani. Siku ya kurudi, tumeni kijana atangulize viti vya plastiki kwenye kila kituo cha ngazi, akae dakika mbili tatu kila orofa. Ongeeni na keateka mapema: taa za ngazi ziwake, na siku hiyo wanaobeba mitungi ya maji wasiache vidato vimelowa. Na kabla hajatoka wadini, mwombe fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) ampitishe kwenye ngazi za hospitali. Asipoweza vidato vitano pale, hawezi orofa tatu kwenu, na hilo ni la kusema kabla karatasi ya kuruhusiwa haijatiwa sahihi. Kama kuna ndugu mwenye nyumba ya chini, wiki mbili kwake zina akili.

BintiWaUmoja

Asanteni sana, nimenakili yote. Yamebaki madogo: alale vipi, stima ikipotea barafu nitatoa wapi, na wageni. Kikundi chake cha kanisa kina watu zaidi ya thelathini na wote wanapanga kuja.

Fizio_Ngara

Alale chali, au kwa ubavu wa kushoto mto ukiwa kati ya miguu kuanzia gotini hadi kifundoni. Usingizi utamsumbua wiki kadhaa, si dalili mbaya.

Stima ikipotea: taulo lililochovywa maji baridi na kukamuliwa, likiwa juu ya plastiki ili jeraha lisilowe, badilisha kila baada ya dakika chache. Haishindi barafu lakini miezi hii ya baridi maji ya bomba la Nairobi yanatosha. Baridi hiyo hiyo hukaza goti asubuhi, mvalishe suruali pana ya joto.

Wageni ndio wanaoharibu mguu, nasema bila utani. Mama atakaa kitini kwa muda wa saa tatu mguu ukining'inia kwa heshima, hatafanya zoezi hata moja, jioni goti limejaa hadi pini zinavuta. Waje wachache kwa zamu, mwisho nusu saa, na wamkute kitandani mguu ukiwa juu. Mwenye mafua asije.

SistaWaMifupa

Waambie pia badala ya soda walete mayai, omena, ndengu. Jeraha linajengwa na protini, na wagonjwa wengi hurudi kliniki wakiwa wamekunywa chai na mkate wiki mbili.

Mwanafunzi_wa_Fizio

Nauliza nami: asipofika digrii 90 inakuwaje?

Fizio_Ngara

Wiki ya pili, ongeza bidii na udhibiti maumivu vizuri zaidi. Aghalabu mtu hakunji kwa sababu anaruka dawa. Wiki ya sita bado yuko chini ya 90, daktari aambiwe, kwa sababu anaweza kumlaza kwa dawa ya usingizi na kulikunja goti kwa mkono, na hilo hufaa zaidi kabla ya wiki ya 12, makovu ya ndani yakiwa bado laini. Kwa hiyo andikeni kipimo kila Jumapili, kunyooka na kukunja, mwende nacho kliniki.

NyumbaSalama

Na ya kwenda kliniki hiyo: teksi, siyo matatu, na bodaboda msiitaje kabisa. Kiti cha mbele kisukumwe nyuma hadi mwisho na mgongo wake ulazwe kidogo. Aingie kwa makalio kwanza, akae pembeni akitazama nje, kisha ageuke miguu yote miwili pamoja huku wewe ukibeba wa kulia chini ya kisigino. Mfuko wa takataka uliotandazwa kitini humsaidia kuteleza; utoe kabla gari halijaondoka, la sivyo breki ya kwanza itamtelezesha mbele. Ombeni miadi ya saa nne au tano asubuhi, barabara ya Outer Ring ikiwa imepungua msongamano, maana kukaa mguu umekunjwa kwenye foleni saa mbili ni kazi bure. Mkikwama, apige kifundo juu na chini njia nzima.